Nodi imekufa ila data ipo: kuirudisha kopi ya tatu kwenye GlusterFS bila kujiharibia

Wakuu, hii ni kwa yule ambaye saa hizi ana klasta ya GlusterFS (programu inayounganisha diski za mashine kadhaa ziwe stoo moja ya mafaili) ya nodi tatu, yaani mashine tatu, moja imezima haiwaki tena, na bosi kashapiga simu mara mbili anauliza "data zipo?" Zipo. Kama volyumu yako ni replica 3 kila faili lilikuwa na kopi tatu, sasa zimebaki mbili, watu wanaendelea kufungua na kusevu na wengi wao hata hawajui kuna kitu kimekufa. Kwa hiyo shusha presha kwanza. Mimi data nilizoona zikiharibika kwenye hali hii hazikuharibika siku nodi ilipokufa, ziliharibika siku mtu alipoileta nodi mpya mbio mbio usiku ili asubuhi aonekane kamaliza.

Nitatumia majina ya klasta tuliyokuwa nayo Mwanza, tulizipa mashine majina ya samaki: sato, sangara na dagaa. Aliyekufa ni dagaa, umeme ulirudi na kishindo ukala mazabodi na diski pamoja. Volyumu inaitwa ghala, na kwenye kila mashine data inakaa /data/diski1/briki. Briki ndo lugha ya gluster yenyewe, yaani tofali, folda moja kwenye diski ya nodi moja, na volyumu ni ukuta uliojengwa kwa matofali hayo.

Kabla hujagusa chochote, kaa kwenye sato uangalie hali ya waliobaki.

gluster peer status
gluster volume status ghala
gluster volume heal ghala info summary

Ya kwanza itakuonyesha dagaa ni Disconnected, hiyo ulishajua. Ya pili angalia kama briki za sato na sangara zote zina Y kwenye safu ya Online. Ya tatu ndo muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana inakuonyesha mafaili mangapi yanasubiri kuponywa na kama kuna yoyote yaliyo kwenye split-brain, yaani kila kopi inadai yenyewe ndo sahihi. Kama split-brain ipo kati ya sato na sangara, imalize kabla nodi mpya haijaingia, usimlete mgeni kwenye nyumba ambayo wenyeji wanagombana.

Halafu angalia diski za waliobaki kwa smartctl -a, namba za Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, yaani vipande vya diski vilivyoharibika na vinavyotiliwa shaka. Diski tatu zilizonunuliwa siku moja duka moja zimezeeka pamoja, na kazi unayotaka kuzipa sasa ni kusomwa mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho pengine hazijawahi kufanyiwa toka zifungwe. Ukiona namba zinapanda, kopi vitu vya maana kwenye diski ya nje leo leo, kupitia maunti ya kawaida (folda ambayo watumiaji wanaiona volyumu), sio moja kwa moja kwenye folda ya briki. Na usirestati sato wala sangara "ili zikae sawa". Kwenye replica 3 ukibaki na nodi moja tu hewani, koramu (wingi wa nodi unaotakiwa ili kuandika kuruhusiwe) inavunjika na watu hawataandika kitu mpaka mwenzake arudi, hapo ndo simu za bosi zitakuwa za kweli.

Sasa jiulize nini hasa kimekufa. Kama ni mashine tu na diski ni nzima, ichomoe diski uifunge kwenye mashine mpya, data zote zipo pale na kitakachoponywa ni yale yaliyobadilika wakati haipo, kazi ya dakika badala ya siku. Wengi wanairuka hii wanaformati diski nzima kabisa, inauma kuangalia. Kama imekufa diski tu na mashine inawaka, huhitaji habari za UUID (namba ndefu ya kitambulisho cha nodi) hapa chini, nenda kwenye amri ya reset-brick. Kama vyote vimekufa kama dagaa wetu, soma yote.

Kuna uamuzi wa jina pia. Nodi mpya inaweza kuchukua jina la marehemu, dagaa, au ikaja na jina lake jipya, tuseme perege. Jina jipya lina hatua chache, lile la zamani linakuepusha kwenda kubadilisha konfigi kila mahali palipoandikwa dagaa. Mimi huwa narithisha jina, ila nimeshaona watu makini wanaofanya kinyume na hawajakosea.

Kuandaa mashine nitapita haraka. Toleo la gluster liwe lile lile la wenzake, usichukulie fursa ya msiba kufanya apdeti. Saa iwe sawa kwa chrony. /etc/hosts iwe na majina yote matatu, na wale wawili wamjue mpya kama IP imebadilika. Faiawoli ifungue poti 24007 na zile za briki zinazoanzia 49152. Diski mpya uiformati XFS:

mkfs.xfs -i size=512 /dev/sdb1

Kwenye kumaunti ndo nitasimama kidogo maana hapa niliwahi kuaibika. Nilimaunti kwa mkono, nikasahau fstab (faili linaloiambia mashine imaunti diski zipi ikiwaka), umeme ukakatika tena, mashine ikawaka bila ile diski. Briki ikagoma kuwaka na logi ikalalamika haioni trusted.glusterfs.volume-id, ambayo ni lebo iliyofichwa kwenye folda ya briki inayosema hili tofali ni la ukuta gani. Sasa mimi badala ya kujiuliza kwa nini lebo haipo, nikaunda folda, nikasoma lebo kwa sato, nikaibandika kwa setfattr, ikawaka! Nikaenda kunywa chai. Kumbe nimeiwasha juu ya diski ya mfumo, data za ghala zikaanza kumwagika kwenye / yenye GB 50, na ilipojaa hata ssh ikawa inasuasua. Ile kugoma ilikuwa ulinzi, imewekwa makusudi, na mimi niliivunja kwa mikono yangu.

Kwa hiyo fanya hivi, kabla ya kumaunti ifunge folda tupu isiandikike, afu weka fstab, afu maunti:

mkdir -p /data/diski1
chattr +i /data/diski1
mount /data/diski1

Ikiwa imemauntiwa hiyo +i haikusumbui, inabaki kwenye folda ya chini. Siku diski isipomauntika hakuna kitakachoandikwa pale, hata ukilazimisha. Na briki iwe folda ndani ya diski, sio mzizi wa diski, ndo maana yangu ni /data/diski1/briki.

Sasa utambulisho. Gluster haiamini jina, inaamini UUID. Ukiiwasha mashine mpya inajitengenezea UUID yake, ukija na jina la dagaa na UUID nyingine wenzake watakukataa, utaona Peer Rejected na utapoteza mchana mzima. Kwa hiyo kwenye sato chukua UUID ya marehemu kutoka gluster peer status, kisha kwenye mashine mpya zima huduma na ufungue faili:

systemctl stop glusterd
nano /var/lib/glusterd/glusterd.info

Lina mistari miwili, UUID= na operating-version=. Weka UUID ya dagaa wa zamani, na operating-version ifanane na ya sato. Kagua herufi moja moja, usije ukakopi UUID ya sangara kwa bahati mbaya, nodi mbili zenye kitambulisho kimoja ni balaa. Kisha washa, na ukiwa kwenye huyo huyo dagaa mpya:

systemctl start glusterd
gluster peer probe sato
systemctl restart glusterd
gluster peer status

Ukiona sato na sangara wote ni Peer in Cluster (Connected), andika gluster volume info. Kama volyumu ghala haionekani, ivute kwa gluster volume sync sato all. Kwenye volume status briki ya dagaa itakuwa N, imezima, ni sawa kabisa kwa sasa, usianze kuilazimisha kama mimi.

Ukiwa umechagua jina jipya, zoezi ni fupi, na peer probe inafanywa kutoka kwa aliye ndani kumwita wa nje, kwa hiyo kwenye sato:

gluster peer probe perege
gluster volume replace-brick ghala dagaa:/data/diski1/briki perege:/data/diski1/briki commit force
gluster peer detach dagaa force

Hiyo detach ya mwisho usiifanye kama dagaa bado ana briki kwenye volyumu nyingine, angalia volume info ya zote kwanza.

Sasa kitu ambacho nilichelewa sana kukielewa, na nikishakielewa mengine yote yakanyooka. Fikiria duka la Mangi na daftari la madeni. Dagaa anapokuwa hayupo, kila faili linaloandikwa sato na sangara wanaandika daftarini: dagaa anadaiwa hili. Daftari hilo ni lebo zilizofichwa zinazoanza na trusted.afr, pamoja na orodha iliyoko ndani ya .glusterfs/indices/xattrop kwenye briki. Dagaa akirudi na diski yake ile ile analipwa yaliyoandikwa, basi, kwisha. Lakini dagaa huyu karudi mtupu! Daftari lina yale yaliyobadilika toka alipoondoka tu, mafaili ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyeyagusa hayamo kwa sababu alipoondoka alikuwa nayo. Uponyaji wa kawaida utalipa madeni ya daftarini, utaonyesha sifuri, wewe utafurahi, na nusu ya mafaili hayatakuwepo kwenye kopi ya tatu. Sifuri hiyo imeshadanganya watu wengi.

Ndo maana hatua inayofuata huwezi kuiruka, kwa jina la zamani au kwa diski mpya kwenye mashine ile ile:

gluster volume reset-brick ghala dagaa:/data/diski1/briki start
gluster volume reset-brick ghala dagaa:/data/diski1/briki dagaa:/data/diski1/briki commit force

Commit force inaweka lebo ya volyumu kwenye tofali jipya na kuwafanya sato na sangara waandike kwamba dagaa anadaiwa folda kuu yenyewe, yaani anadaiwa kila kitu kuanzia juu. Replace-brick nayo inafanya vivyo hivyo. Unaweza kulisoma deni kwa macho yako ukiwa sato:

getfattr -d -m . -e hex /data/diski1/briki

trusted.afr.ghala-client-2=0x000000000000000100000001

Hesabu ya briki inaanzia 0, sato ni 0, sangara 1, dagaa 2, kwa hiyo client-2 ni dagaa. Namba ndefu ni madeni matatu yamebanwa pamoja, tarakimu nane nane: la kwanza ni deni la yaliyomo ndani ya faili, la pili la sifa zake kama mwenye faili na ruhusa, la tatu la orodha ya folda. Ukiona sato na sangara wanamdai 2, na wao kwa wao hawadaiani, mwelekeo uko sawa, data itatoka kwao kwenda kwake. Ukikuta kwenye dagaa mpya kuna deni la client-0 au client-1, simama hapo hapo.

Kisha mimi huongeza na hii, kama mtu anayefunga mlango afu anautikisa:

gluster volume heal ghala full

Inatembea volyumu yote badala ya kusoma daftari peke yake. Inachukua muda, ila ndo usingizi wako.

Kipindi cha kusubiri kina vituko vyake. Cha kwanza, idadi ya vinavyosubiri itaanza na kitu kimoja kisha ipande badala ya kushuka! Usishtuke. Folda kuu ikiponywa, vilivyomo ndani vinaundwa kwa dagaa vikiwa vitupu na kila kimoja kinaandikiwa deni lake, folda za ndani nazo hivyo hivyo, kwa hiyo namba inavimba halafu ndo inaanza kushuka. Cha pili, usiite heal info kila dakika ukiwa na mafaili laki kadhaa, yenyewe ni mzigo, tumia hii:

gluster volume heal ghala statistics heal-count

Cha tatu, muda. Waya wa gigabiti 1 ukipata bahati unapitisha kama MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo TB 2 ni masaa matano hivi ya kwenye karatasi. Hayo masaa matano utayasikia tu kama una mafaili makubwa makubwa ya video. Ukiwa na skani za fomu, mamilioni ya vifaili vya KB mia mbili, kila kimoja kinafungwa kufuli, kinakaguliwa, kinakopiwa, kinafutiwa deni, na hapo hesabu kwa siku. Unaweza kuongeza mikono:

gluster volume set ghala cluster.shd-max-threads 4

Kawaida ni 1. Mchana nilijaribu 8, watu wa uhasibu wakapiga simu ndani ya robo saa kwamba mafaili hayafunguki, nikarudisha 2, usiku nikapandisha tena. Inabadilika papo hapo, huhitaji kurestati kitu.

Huku inaendelea fungua /var/log/glusterfs/glustershd.log kwenye sato au sangara. Mstari mzuri una Completed data selfheal, kisha sources=[0] 1 na sinks=2, maana yake kimesomwa kwa sato, sangara naye alikuwa mzima, kimeandikwa kwa dagaa. Hiyo sinks ndo unaitazama. Siku ukiona sinks ni 0 na chanzo ni 2, mtupu anawafundisha wenye mali, ua mchakato wa briki ya dagaa kwa PID iliyoko kwenye volume status. Usidhani systemctl stop glusterd itatosha, ile inamzima msimamizi tu, briki zinaendelea kufanya kazi kama hakuna kilichotokea.

Ikitokea faili limebaki kwenye split-brain, orodha yake iko kwa heal ghala info split-brain. Hapo gluster haiwezi kukuamulia, inataka mtu. Fungua kopi za sato na sangara uzitazame, uliza mwenye faili ikibidi, kisha chagua:

gluster volume heal ghala split-brain latest-mtime /uhasibu/malipo.xlsx

Hiyo inachukua kopi iliyobadilishwa mwisho. Kuna bigger-file (kopi kubwa zaidi) na source-brick (kopi ya briki unayoitaja) pia. Binafsi bigger-file siitumii kwa faili za ofisi, mtu akifuta karatasi tatu faili linapungua na lile dogo ndo sahihi.

Heal-count ikifika sifuri kwa nodi zote, usitangaze. Hesabu mafaili kwenye kila briki, ukiiruka ile folda ya ndani ya gluster:

cd /data/diski1/briki && find . -path ./.glusterfs -prune -o -type f -print | wc -l

Namba tatu zifanane, au zitofautiane kidogo kwa sababu watu wanaandika wakati unahesabu. Kama nodi yako ya tatu ni arbiter (msuluhishi anayetunza majina na sifa za mafaili bila yaliyomo) idadi itafanana ila mafaili yote yatakuwa na ukubwa sifuri, hiyo ndo kazi yake, usianze kulia. Kisha chukua mafaili kumi hivi, mengine ya zamani kabisa ambayo hayajaguswa miaka, upige sha256sum (alama ya yaliyomo, zikifanana kopi ni sawa) kwenye briki ya sato na ya dagaa. Hayo ya zamani ndo yatakwambia kama ile full kweli ilitembea. Kusoma kwenye briki ruksa, kuandika au kufuta humo mwiko.

Rudisha shd-max-threads 1. Pitia mashine za wateja, kwenye fstab zao kama kuna aliyeandika dagaa peke yake mwongezee backup-volfile-servers=sato:sangara, maana siku dagaa yupo chini na mteja akarestati hatapata pa kuulizia ramani ya volyumu hata kama data zote ziko hewani.

Na ile mashine ya zamani. Sisi ilikaa kwenye kona wiki mbili, dogo mmoja wa ofisini akatafuta mazabodi kama ile, akaifunga, akachomeka na waya wa mtandao kwa furaha zote. Diski ya data ilikuwa imekufa lakini ile ya mfumo ilikuwa nzima, kwa hiyo ikawaka na jina dagaa, IP ya dagaa na UUID ya dagaa, huku dagaa mpya naye yupo kazini! Klasta ikaanza kupepesuka, mara Connected mara Disconnected, na tulitafuta tatizo kwenye swichi kwa saa nzima kabla mtu hajaangalia chini ya meza. Sasa hivi nodi ikifa, siku hiyo hiyo nachomoa diski ya mfumo, naiandika kwa maka peni "IMEZIKWA", naitia kwenye droo yangu.